Pampu hainunuliwi kwa hosi pawa

JIRANI yetu mmoja wa Jangwani, mama lishe anayepika karibu na Barabara ya Morogoro, amenunua pampu tatu za maji katika muda wa miezi minane. Ya kwanza iliungua mota kabla ya wiki ya sita. Ya pili ilianza kuvuja, ikapiga kelele kwa siku kadhaa, kisha ikakwama kabisa. Ya tatu inafanya kazi hadi leo, lakini tangu ifungwe, nyumba mbili zinazofuata kwenye bomba lile lile hazipati hata tone mchana. Maneno yaliyopita kati ya majirani hao si ya kuandikwa gazetini.

Nilifuatana naye Kariakoo siku aliyokwenda kununua hiyo ya tatu. Muuzaji alikuwa kijana mchangamfu, mwenye lugha nzuri kwa wateja. "Mama yangu, chukua hii ya hosi pawa moja. Hiyo nusu ndiyo inayokusumbua," alisema. Nikamwuliza: "Kaka, inapandisha mita ngapi, na lita ngapi kwa dakika?" Akageuza boksi, akalitazama, akacheka. "Hii inafika mpaka ghorofa ya kumi, usiwe na wasiwasi."

Hakuuliza maji yanatoka wapi wala yanakwenda wapi. Hakuuliza bomba lina upana gani, waya una urefu gani, wala umeme wa pale nyumbani una nguvu kiasi gani jioni. Kwa kweli hatumlaumu sana, kwani anauza kile anachoulizwa, na wateja karibu wote huuliza jambo moja tu: hosi pawa ngapi? Hata mkulima anayetoka Morogoro au Iringa, na mfanyabiashara anayekuja kutoka Zambia, Malawi, Comoro au Kongo kufunga mzigo Kariakoo, huondoka na pampu kwa swali hilo hilo.

Sisi tunasema swali hilo ndilo linalotutia hasara. Hosi pawa ni ukubwa wa mota. Haikuambii kama maji yatafika, na haikuambii kama pampu itadumu. Mnunuzi anatakiwa kujua mambo manne: maji yanachukuliwa wapi, yanapanda mita ngapi, yanatakiwa lita ngapi kwa dakika, na umeme unaofika kwenye pampu ni volti ngapi. Asiyejua hayo manne atanunua pampu kila mwaka, na wahenga walishasema kwamba rahisi ni ghali.

Tangi la chini kwanza

Tuanze na chanzo cha maji, maana ndipo kosa kubwa lilipo.

Jiji la Dar es Salaam linategemea zaidi Mto Ruvu. Mitambo ya Ruvu Juu na Ruvu Chini ilipanuliwa katika miaka ya 2010 na kufikisha uwezo wa lita milioni 196 na lita milioni 270 kwa siku, jumla lita milioni 466. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu zaidi ya milioni 5.3 katika mkoa huu. Mto unapopungua, kama ilivyotokea mwishoni mwa 2021 na tena Oktoba 2022, mitambo hiyo haiwezi kusukuma maji yasiyokuwepo, na mgao huanza. Waendeshaji wamebadilika mara kadhaa: City Water ilianza mwaka 2003 ikaondoka 2005, ikaja DAWASCO, nayo mwaka 2018 ikaunganishwa na DAWASA. Tabia moja ya mteja haikubadilika. Maji yakichelewa, anatafuta pampu ya kuyavuta kutoka kwenye bomba la mtaa.

Hapo ndipo jirani yetu alipoanzia, na mambo matatu yakafuata.

La kwanza, pampu ikinyonya kwenye bomba lenye maji kidogo, haiongezi maji yaliyomo. Inachofanya ni kuyachukua yale ambayo yangefika kwa mwenzako. Mwenzako naye akiona hivyo ananunua pampu kubwa kuliko yako. Wa tatu anafuata. Mwisho wa yote mtaa mzima una pampu, kila mmoja amelipa, kila mmoja analipa umeme, na maji ni yale yale ya mwanzo. Katika uchumi hakuna hasara mbaya kama hii, ambayo kila mtu amefanya linalomfaa yeye na wote wamepoteza.

La pili ni afya. Bomba lenye presha husukuma maji nje kupitia kila ufa. Bomba linalonyonywa na pampu hufanya kinyume chake, yaani huvuta ndani kila kilichoko nje. Jangwani na Kariakoo mabomba mengi hupita kando ya mitaro, na mengine hupita ndani ya mitaro hasa. Uchafu wa mtaro ukivutwa ndani ya bomba hauendi kwa mwenye pampu peke yake, bali kwa kila anayefungua bomba baada yake. Jiji hili halijasahau kipindupindu kilichoanza Agosti 2015. Mama lishe anayenyonya bomba la mtaa anahatarisha sahani za wateja wake mwenyewe.

La tatu ni pampu yenyewe. Maji ya mgao yakikatika saa nane usiku, pampu iliyoachwa ikiendelea huzunguka kavu. Maji ndiyo yanayopoza na kulainisha ile sili inayozuia maji yasiingie kwenye mota. Dakika chache za kuzunguka kavu zinatosha kuiunguza sili hiyo, maji yakaanza kuvuja, kutu ikaingia, pampu ikakwama. Hiyo ndiyo iliyokuwa hadithi ya pampu ya pili ya jirani yetu.

Tiba yake si pampu kubwa. Ni tangi la chini. Weka tangi chini kabisa, usawa wa ardhi, lijazwe na bomba la mtaa lenyewe kwa valvu ya boya, kisha pampu ichukue maji humo na kuyapeleka kwenye tangi la juu. Jangwani ni bondeni, na maji yanapotolewa hata kwa presha ndogo hufika usawa wa ardhi, hasa usiku wakati wengi wamelala na mabomba yamefungwa. Presha hiyo hiyo isingeweza kuyapandisha hadi juu ya nyumba, na ndiyo maana watu hudhani hakuna maji kabisa. Wengi waliokimbilia pampu walichokihitaji kwanza ni tangi.

Ukubwa wa tangi unatokana na mgao wenu. Mama lishe anayetumia lita 300 kwa siku, na anayekaa siku tatu bila maji, anahitaji lita 900. Tangi la lita 1,000 linamtosha. Kwa wakazi wa Jangwani tunaongeza neno moja. Mafuriko ya Desemba 2011 yalitufundisha maji ya Msimbazi yanafika wapi. Tangi la kuchimbia chini linaloingiliwa na maji ya mafuriko halifai kunywewa hadi limwagwe, lisafishwe na kutiwa dawa. Ni afadhali tangi likae juu ya ardhi, na pampu ifungwe juu ya jukwaa la saruji badala ya sakafuni.

Na tangi la juu nalo lina hesabu yake. Lita 1,000 za maji zina uzito wa tani moja. Baada ya ghorofa kuporomoka Kariakoo tarehe 16 Novemba 2024, hakuna anayehitaji kukumbushwa kwamba jengo lina mpaka wa kubeba. Hatusemi kwamba matangi ndiyo yaliyoliangusha. Tunasema tu kwamba kabla ya kupandisha tani mbili kwenye paa la nyumba ya zamani, mwite mtu anayejua majengo.

Mita na lita

Sasa tuje kwenye pampu. Kila pampu iliyotengenezwa vizuri ina kibao kidogo cha chuma kwenye mota. Hapo utakuta herufi mbili: H, yaani urefu wa kupandisha kwa mita, na Q, yaani wingi wa maji, kwa kawaida lita kwa dakika. Pampu ndogo ya nusu hosi pawa inaweza kuandikwa H ya juu kabisa mita 35 na Q ya juu kabisa lita 40 kwa dakika.

Wengi husoma hivyo wakaelewa kwamba pampu itapandisha lita 40 kwa dakika hadi mita 35. Sivyo hata kidogo. Mita 35 ni pale maji yanaposimama, hayatoki tena. Lita 40 ni pale pampu isipopandisha chochote, inamwaga tu mbele yake. Ukweli uko katikati. Kwa pampu hizi ndogo za nyumbani kuna kanuni ya makisio inayofaa kukumbukwa: ukiitumia kwa nusu ya mita zake, utapata karibu nusu ya lita zake. Kwa hiyo pampu yetu ikipandisha mita 17 hivi, itatoa lita 20 kwa dakika.

Mita zenyewe unazipima hivi. Anzia kwenye uso wa maji ndani ya tangi la chini au kisima, pale maji yatakapokuwa yameshuka kabisa, si pale yalipojaa. Malizia pale bomba linapomwaga ndani ya tangi la juu. Ghorofa moja ya kawaida ni kama mita 3. Tuseme kwa nyumba yetu ya mfano imetoka mita 15. Usisahau kuongeza kiasi kinachopotea kwa msuguano ndani ya bomba, na hapa ndipo pesa nyingi zinapomwagika.

Tuchukue bomba la mita 25 kutoka chini hadi juu, na lita 20 zinapita kwa dakika. Kama bomba lina uwazi wa ndani wa milimita 15, lile wanaloliita la nusu inchi, msuguano unakula karibu mita 8. Likiwa na uwazi wa milimita 20, yaani robo tatu inchi, unakula mita 2. Likiwa na uwazi wa milimita 25, yaani inchi moja, haufiki hata mita moja. Upana wa bomba umeongezeka kwa milimita 10 tu, na hasara imepungua zaidi ya mara kumi.

Tufanye mlinganisho ambao muuzaji hakuufanya. Chukua pampu ya hosi pawa moja, yenye H ya juu mita 60 na Q ya juu lita 50, uifunge kwenye bomba la nusu inchi katika nyumba ile ile. Kwa hesabu yetu itatoa lita 26 hivi kwa dakika, maana msuguano peke yake umekula mita 13. Kisha chukua ile ya nusu hosi pawa, uifunge kwenye bomba la inchi moja. Itatoa lita 22. Aliyenunua mota kubwa maradufu amepata lita 4 tu zaidi kwa dakika, naye atalipa tofauti hiyo kila anapoweka umeme wa LUKU. Mwenye bomba pana ameilipa mara moja.

Kona nazo zina gharama. Kila kiko, kila valvu nyembamba, kila kiungio kilichobana huongeza msuguano. Waambie mafundi wakupe njia fupi na iliyonyooka, hata kama ukuta utatobolewa.

Kunyonya kuna mpaka

Jambo hili linawahusu zaidi wakulima na wenye visima. Pampu inayokaa juu ya ardhi haivuti maji kama mtu anavyovuta kamba. Inaondoa hewa ndani ya bomba, kisha uzito wa hewa ya dunia ndio unaoyasukuma maji kupanda. Uzito huo una kikomo. Katika usawa wa bahari, kama hapa Dar es Salaam, hata kwa pampu iliyo kamilifu maji hayawezi kunyonywa zaidi ya mita 10 na kitu. Kwa pampu za kawaida usitegemee zaidi ya mita 7. Hakuna hosi pawa itakayobadilisha hilo. Ya tano na ya hamsini zote zitakwama pale pale.

Na kadiri unavyopanda milimani, hewa inakuwa nyepesi. Kila mita 1,000 za mwinuko unapoteza takribani mita moja ya kunyonya. Pampu iliyovuta vizuri kisima cha mita 7 Jangwani inaweza kushindwa kabisa kisima hicho hicho Njombe au Makete, na mkulima akarudi Kariakoo kudai ameuziwa pampu mbovu. Sheria hii haibagui. Pampu ya petroli ya inchi mbili inayomwagilia nyanya inafungwa nayo kama ya umeme. Kisima chako kikiwa kirefu kuliko hapo, nunua pampu ya kuzamisha, ambayo inasukuma kutoka chini badala ya kunyonya kutoka juu.

Kwa upande wa kunyonya, mafundi wazingatie mambo manne. Pampu ikae karibu na maji kadiri inavyowezekana. Bomba la kunyonyea lisiwe jembamba kuliko mdomo wa pampu. Lipande moja kwa moja bila mgongo unaoweza kuhifadhi hewa. Na kama pampu iko juu ya maji, mwisho wa bomba uwe na valvu ya kuzuia maji yasirudi, ili pampu isikose maji inapowashwa. Kiungio kinachovuja upande huu hakitoi maji nje ukakiona. Kinaingiza hewa ndani, na pampu inanguruma bila kutoa kitu.

Kisima chenye mchanga au chumvi pia ni adui wa hizi pampu ndogo. Gurudumu lake la ndani lina nafasi finyu sana kati yake na ganda, na mchanga hulila haraka. Visima vingi vya ukanda wa pwani vina chumvi. Uliza kama gurudumu ni la shaba nyeupe au chuma cha pua, siyo chuma cha kawaida.

Umeme mdogo huua mota

Tumerudi kwenye pampu ya kwanza ya jirani yetu, ile iliyoungua. Ilifungwa uani, mita 40 kutoka kwenye mita ya LUKU, kwa waya mwembamba wa kuunga-unga. Nilipopima kwenye mwisho wa waya saa mbili usiku, pampu ikiwa imezimwa, nilikuta volti 188. Kibao cha mota kiliandikwa 220 hadi 230.

Watu hudhani umeme ukiwa mdogo mota hufanya kazi polepole tu na kupumzika. Ni kinyume chake. Nguvu ya mota kujizungusha hushuka kwa mraba wa volti. Kwa volti 188 mahali pa 230, nguvu hiyo inashuka hadi theluthi mbili. Mota inahangaika kuanza, na katika kuhangaika inavuta umeme mwingi kuliko kawaida. Joto nalo hupanda kwa mraba wa huo umeme: ukivuta asilimia 20 zaidi, joto linaongezeka asilimia 44. Rangi inayofunika waya za mota inaungua, waya zinagusana, na harufu unaijua.

Waya mwembamba unaongeza ubaya huo. Mota ya nusu hosi pawa inavuta kama ampia 3 ikiwa inazunguka, lakini wakati wa kuanza inaweza kuvuta ampia 15. Kwenye waya wa shaba wa milimita za mraba 0.75 wenye urefu wa mita 40, ampia hizo zinapoteza volti 30 hivi njiani. Ukiondoa 30 kwenye 188 unabaki na 158. Hapo mota hainuki, inanguruma tu. Waya wa milimita za mraba 2.5 ungepoteza chini ya volti 10.

Tangu Februari 2024, mtambo wa kwanza wa Bwawa la Julius Nyerere ulipoanza kuzalisha, watu wengi wanaamini tatizo la umeme limekwisha. Bwawa hilo lina uwezo wa megawati 2,115, na ni jambo la kujivunia. Lakini megawati za Rufiji hazirekebishi transfoma iliyozidiwa mtaani kwako wala waya mwembamba ndani ya ua wako. Kabla ya kununua pampu, mwombe fundi apime volti saa mbili usiku, wakati pasi, majiko na friji vyote vimewashwa. Ikiwa ni chini ya 200, una njia tatu: ripoti TANESCO ukiwa na kipimo mkononi, badilisha waya wako, au jaza tangi usiku wa manane umeme unapotulia. Hiyo ya mwisho haina gharama, na ndiyo faida nyingine ya kuwa na tangi.

Pampu ikinguruma bila kuzunguka, izime mara moja. Kabla ya kuipeleka kuwaindi, mwambie fundi aangalie kapasita. Ni kifaa kidogo cha bei ndogo, na mara nyingi ndicho kinachokufa kwanza. Kibadilishwe kwa kingine chenye namba ile ile ya microfaradi. Kama pampu ilikaa wiki kadhaa bila kutumika, huenda gurudumu limeshika kutu tu. Kata umeme, kisha izungushe kwa mkono upande wa feni.

Kuhusu uhai wa watu hatutakuwa na maneno ya kuzunguka. Pampu ni umeme uliokaa kwenye maji, na mara nyingi watoto wako karibu. Lazima iwe na waya wa eathi uliofungwa kwenye eathi ya kweli, siyo waya uliokatwa ukaachwa ukining'inia. Iwe na kikata umeme kinachohisi mvujo wa miliampia 30, kinachozima kabla moyo haujasimama. Kazi hiyo ifanywe na fundi mwenye leseni ya EWURA. Bei ya fundi wa bure utailipa msibani.

Hesabu ya mfukoni

Baadhi ya wasomaji watasema haya ni mambo ya wenye pesa. Tufanye hesabu.

Pampu ya nusu hosi pawa inavuta kama wati 550 kutoka kwenye ukuta. Ikitoa lita 22 kwa dakika, inajaza tangi la lita 1,000 kwa dakika 45, na inakula uniti 0.4 za umeme. Tuchukue Sh 350 kwa uniti, karibu na anacholipa mteja wa kawaida wa LUKU: ni Sh 145. Pampu ya hosi pawa moja kwenye bomba jembamba inavuta kama wati 1,100, inajaza kwa dakika 38, na inakula uniti 0.7, yaani Sh 245. Kwa anayejaza kila siku, tofauti ni Sh 3,000 kwa mwezi. Si pesa ya kumfilisi mtu.

Hasara kubwa iko kwingine. Lita 1,000 ni madumu 50. Siku pampu ilipoungua, mama huyu alinunua maji ya mkokoteni. Kwa Sh 300 kwa dumu, tangi hilo moja ni Sh 15,000, zaidi ya mara mia moja ya gharama ya kulipandisha kwa umeme. Ongeza bei ya kuwaindi mota, ongeza siku ambayo wali haukupikwa na wateja wakahamia kwa mwingine. Ndiyo maana tunasema fedha ya kuongeza upana wa bomba, unene wa waya na tangi la chini si anasa. Ni bima ya biashara.

Tunachodai

Hata hivyo, si haki kumtwisha mnunuzi mzigo wote. Mama lishe hana wajibu wa kuwa mhandisi.

Kwanza, Shirika la Viwango Tanzania na Tume ya Ushindani wahakikishe hakuna pampu inayouzwa Kariakoo bila kibao kinachoonyesha mita, lita, volti na ampia, na kwamba kilichoandikwa ndicho kilichomo. Zipo pampu sokoni zenye waya za aluminiamu zilizopakwa rangi ya shaba, na mnunuzi hana namna ya kujua hadi ziungue. Maelezo yawe kwa Kiswahili, na boksi lionyeshe ule mchoro wa mita dhidi ya lita.

Pili, mamlaka ya maji itangaze ratiba ya mgao kwa mtaa na kwa saa, na iifuate. Mtu anayejua maji yatakuja Jumanne usiku hujaza tangi. Asiyejua hufunga pampu kwenye bomba. Ratiba ya kweli itaondoa pampu nyingi za kunyonya kuliko msako wowote. Kisha, wale watakaobaki wakinyonya, sheria ichukue mkondo wake bila kuangalia sura.

Tatu, wenye nyumba wa Jangwani na Kariakoo waweke tangi moja la chini na pampu moja nzuri kwa nyumba nzima, badala ya kuwaachia wapangaji kumi wanunue pampu kumi zinazogombania bomba moja. Gharama inaweza kugawanywa kwenye kodi bila ugomvi.

Nne, wauzaji wenyewe. Duka litakalobandika ukutani maswali manne, yaani chanzo, mita, lita na volti, halitapoteza wateja. Mkulima aliyepewa pampu inayofaa Njombe atarudi na majirani zake.

Jirani yetu amekubali kununua tangi la lita 1,000 kabla ya mwisho wa mwezi, na fundi ameshapima mahali pa kuliweka. Bomba la mtaa litaliachia pampu. Nyumba mbili zinazofuata zinasubiri kuona.